Jina la Kumi na Tano

Majina yalikuwa kumi na manne, na serikali ilitaka kumi na matano. Teresia aliyahesabu kwa ncha ya kalamu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kana kwamba jina moja zaidi lingemhurumia na kujitokeza lenyewe. Meza ya jikoni ilikuwa imejaa karatasi. Ilikuwa Alhamisi saa kumi alasiri, bado hajavua sare ya kazi ya kuhudumia wazee, na fomu ya Mfuko wa Mitaa Salama ilitakiwa ifike kesho saa sita mchana, bila dakika ya nyongeza.

Mfuko huo ulikuwa wa serikali. Ulitoa ruzuku kwa vikundi vinavyowaweka vijana mbali na magenge na visu, na chama cha akina mama Wakenya wanaoishi ughaibuni, mtaa wa Edmonton, ambacho Teresia alikuwa katibu wake, kilikuwa na kitu hichohicho tayari. Walikiita Chumba cha Ijumaa. Kila Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, katika ukumbi wa nyuma wa kanisa, kulikuwa na tenisi ya meza, viti vya kufanyia kazi za shule, sufuria ya pilau na akina mama wawili wa zamu. Walikianzisha baada ya kijana wa miaka kumi na sita kuchomwa kisu pale kituo cha basi, mchana kweupe, watu wamesimama na mifuko yao ya manunuzi. Alikata roho akiwa ameshikwa mkono na Hillary, mtoto wa Njeri, mwenyekiti wa chama.

Siku za Ijumaa shifti ya Teresia iliisha saa mbili usiku, na binti yake Makena alipita kituo kilekile akitoka shule. Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa nayo ya kuanzisha chumba, na hakuwa na nyingine. Watu walisema anaipenda sana jamii. Jamii aliipenda kiasi. Aliyempenda ni Makena.

Sasa kanisa lilikuwa limepandisha kodi ya ukumbi zaidi ya mara mbili, kwa barua iliyomalizika kwa baraka tele. Bila ruzuku, Ijumaa ya mwisho ya Julai ndiyo ingekuwa ya mwisho kabisa, na watoto wangerudi kusimama nje ya duka la kuku, hatua kumi kutoka kituo cha basi. Na jina la kumi na tano, ambalo lilikuwa la mtoto wa Hayat, mwanachama mwenzao aliyetoka Lamu, lilikuwa limehamia Luton pamoja na Hayat wiki iliyopita.

Kwenye semina ya waombaji, ofisa wa mfuko aliyeitwa Kalpana alisema wazi kwamba kikundi kiwe na vijana wasiopungua kumi na watano walio hatarini, na kiwe na ushahidi. Wakati wa chai akaja kwenye meza ya akina mama na kuwasalimu kwa Kiswahili. Alizaliwa Kisumu, alisema, sasa anakaa Rayners Lane, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea vizuri. "Mama, kuandika 'vijana wengi' haitoshi," alimwambia Teresia huku akimshika mkono. "Lete ushahidi. Na usisahau wasichana. Mwaka huu wakubwa wanapenda sana kusikia habari ya wasichana."

Kalpana alimaanisha takwimu na barua za walimu wakuu. Teresia alielewa kama ambavyo angeelewa mtu yeyote aliyekulia Murang'a. Kwao, ukienda kuiomba serikali pesa bila orodha yenye majina kamili, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na sahihi, wewe ni mwizi tu ambaye hajakamatwa. Mradi wa maji wa lokesheni yao, yaani eneo la chifu wao, ulinyimwa fedha kwa sababu orodha ilikutwa na watu watatu waliokwisha kufa, na aliyeiandika alikuwa baba yake. Jina lake lilisomwa kwenye baraza la chifu mbele ya watu wote. Majina hewa, walisema, na watu wakacheka. Teresia alikuwa na miaka tisa na kicheko kile hakikumtoka.

Kwa hiyo, kwa wiki mbili nzima, baada ya kazi, alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi za orodha ambayo hakuna aliyemwomba. Aliichora kwa rula. Safu ya mwisho aliipa kichwa: Sababu ya kuwa hatarini. Kwa Hillary aliandika kwamba rafiki yake aliuawa mbele ya macho yake, hasemi na mtu, amesimamishwa shule mara mbili. Kwa mwingine aliandika kwamba kaka yake yuko gerezani. Kwa mwingine, kwamba anavaa viatu ambavyo mama yake hajui vimetoka wapi. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, bila kufuta hata neno.

Mumewe, Kamande, aliingia kutoka kazini ghalani, akavua viatu mlangoni na kuitazama meza.

"Hujamaliza tu huo mtihani?"

"Nimepungukiwa na mtoto mmoja."

"Andika kumi na wanne. Kwani nani atakufa?"

"Kompyuta inakataa. Ukiweka kumi na wanne inageuka nyekundu."

"Basi tunga mmoja. Daniel nani-nani."

"Jina hewa?" Teresia aliinua uso. "Mimi? Kwa fomu ya serikali? Hawa watu watapiga simu moja moja, Baba Makena."

Kamande akainua mikono kuonyesha kwamba yeye hayumo. Teresia akaangalia friji. Pale, chini ya sumaku yenye bendera ya Kenya, ilikuwepo barua ya hospitali: Makena, miaka kumi na saba, amekubaliwa kuanza mafunzo ya kazi katika wadi ya watoto mwezi wa Septemba, mradi ukaguzi wa kawaida wa rekodi yake ukamilike. Barua hiyo ilikuwa imesomwa kwa simu hadi Murang'a.

"Makena huja kila Ijumaa," alisema polepole. "Ni mtu wa kweli. Ana tarehe ya kuzaliwa. Ana mama wa kutia sahihi."

"Makena si wa hiyo orodha."

"Ni orodha ya kuombea pesa tu. Nani ataisoma yote?"

Dakika moja iliyopita alikuwa na hakika kwamba wangepiga simu moja moja. Hakuliona hilo, au aliliona akalipuuza.

"Angalau muulize mwenyewe," alisema Kamande.

"Jina nililompa mimi, nikiwa na uchungu wa saa kumi na tisa, niombe ruhusa ya kulitumia?"

Mwenye jina akaingia wakati huohuo kutafuta maziwa, vipokea sauti masikioni. "Umekula, mum?" Teresia alimuuliza, maana ndivyo alivyomwita binti yake kwa kumdekeza. "I'm fine," alijibu Makena, akambusu mama yake utosini na kutoka na bakuli. Alizaliwa hapahapa Edmonton. Alielewa Kiswahili chote, hata cha kusengenyana, lakini alijibu kwa Kiingereza tu. Fomu zake zote tangu shule ya chekechea alizijaza mama yake, ya hospitali ikiwemo, maana Teresia alikuwa na mwandiko mzuri na msichana alipenda kumwachia. Alikuwa akikaa pembeni anakula na kutia sahihi mwishoni.

Sababu ndiyo iliyosumbua. Makena hakuwa na sababu yoyote. Teresia akafungua kijitabu cha semina, ukurasa wa wasichana, akakuta kwamba magenge huwatumia kuficha silaha. Akaandika: Anaweza kutumiwa na wavulana kuficha silaha. Neno "anaweza" aliliweka makusudi, asije akawa amesema uongo, na dhamiri yake ikatulia kabisa. Akapiga orodha picha kwa simu, akaiambatisha, akabonyeza kutuma. Kompyuta haikugeuka nyekundu.

Baada ya wiki tatu simu ilipigwa na mwanamke mwenye sauti laini. Aliitwa Valeria. Alisema wangependa kuja nyumbani kuzungumza kuhusu taarifa ambazo Teresia alizitoa kwenye maombi yake, yeye na mwenzake mmoja. Teresia alisema karibuni sana, karibuni sana, karibuni sana.

"Wakaguzi wanakuja," akamwambia Njeri kwenye simu, na Njeri akapiga vigelegele. Walijua mambo ya wafadhili. Mfadhili hatoi pesa kabla ya kuona kwa macho, na akija hakai na njaa. Kufikia Jumanne, siku ya ugeni, nyumba ilikuwa imesuguliwa mpaka inanuka dawa. Njeri alileta mandazi arobaini na chupa mbili za chai ya tangawizi. Kitambaa cha meza kiliazimwa kanisani. Kamande alichukua siku isiyolipwa, akavaa suti aliyofungia ndoa, ambayo sasa haikufunga kifungo. Makena aliambiwa avae blauzi nyeupe.

"Why me?"

"Kwa sababu wewe ndiye mfano, mum. Waone chumba kinatoa watoto wa aina gani."

Walikuja saa tano kamili. Valeria alikuwa na mkoba wa kitambaa na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Mwenzake alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu, na kadi iliyoning'inia shingoni mwake ilisema ni polisi. Teresia aliiona kadi na kufurahi. Aliona wamelichukulia jambo lao kwa uzito.

"Hatupokei chakula tukiwa kazini," alisema Valeria. "Samahani sana."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Njeri, ambaye alikuwa ameanza kumimina, akabaki ameinamisha chupa hewani, kisha akarudi nayo jikoni. Teresia akasimama katikati ya sebule na kuanza hotuba aliyoirudia mbele ya kioo: Chumba chetu cha Ijumaa kilianza miaka miwili iliyopita. Valeria alimwachia sentensi mbili, kwa adabu, kisha akainua kiganja.

"Mama, mimi ni wa ustawi wa jamii, hatukuja kwa ajili ya chumba. Tumekuja kwa ajili ya Makena."

Makena alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, magoti pamoja, blauzi nyeupe. Yule polisi akafungua daftari na kusoma kwamba wamepokea taarifa kuwa kijana huyu anawafichia wavulana wa genge silaha.

"Niliandika anaweza!" alisema Teresia. "Anaweza! Sikusema anaficha."

Polisi akatazama karatasi yake. Kwenye karatasi yake neno hilo halikuwepo. Njiani, kutoka meza moja hadi nyingine, mtu mwenye haraka aliliacha.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeandika," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anathibitisha tu, lakini Makena aligeuza kichwa, akamtazama mama yake.

Wakaomba kuzungumza na msichana peke yake, wakazungumza, nusu saa, wazazi wamesimama jikoni na Njeri na mandazi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha wakaomba kuangalia chumba chake cha kulala. Si lazima, alisema Valeria, mna haki ya kukataa. Kamande alimtazama mkewe. Walikotoka wao, hakuna aliyewahi kumwambia polisi hapana na mambo yakaishia hapo.

"Angalieni tu," alisema Kamande, amebana koti la suti kwa mkono.

Kijana mwenye nywele nyekundu alishuka na mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ndani yake mlikuwa na mkasi wenye ncha butu. Makena aliununua kwa pesa zake alipokuwa anafanya kozi ya huduma ya kwanza, wa kukatia bendeji, na aliuweka kwenye droo pamoja na cheti. Alieleza hivyo. Polisi akasema sawa, tutaandika hivyo, na mkasi ukaondoka nao.

Mlango ulipofungwa hakuna aliyekaa. Makena alikuwa chini ya ngazi.

"You wrote that?"

"Ilikuwa ya kuombea pesa tu, mama yangu. Walitaka kumi na watano. Nilikuwa na kumi na wanne."

"With my name."

"Jina la kweli! Sikutaka kudanganya na jina la uongo!"

Makena alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri kusikia sehemu iliyobaki. Haikuja, akapanda juu. Njeri akaanza kufunika mandazi. Kamande alichukua moja akalila kwa kusimama, kwa sababu ilionekana vibaya yote arobaini yarudi.

Barua mbili zilikuja katika wiki moja. Ya hospitali ilisema kwamba kuanza kwa Makena kumesimamishwa hadi ukaguzi wa rekodi yake ukamilike, na kwamba nafasi haiwezi kushikiliwa baada ya Septemba. Ya mfuko ilikuja kwa barua pepe na ilianza kwa neno hongera. Chama kimepewa pauni elfu kumi na tisa na mia nne. Wasomaji wa maombi, ilisema, walivutiwa hasa na ushahidi wa kina.

Simu ya Njeri ilifika kabla Teresia hajaifunga barua pepe hiyo. "Mama Makena! Tumeshinda!"

"Mama Hillary, ngoja. Mimi nataka kuirekebisha ile orodha."

"Kuirekebisha vipi?"

"Makena amesimamishwa kule hospitali. Nitaenda niwaambie kwamba jina lake niliweka tu kujaza. Hao wengine wabaki."

"Watabaki kumi na wanne. Si wewe ulituambia kompyuta inakataa kumi na wanne?"

"Nitaongea na Madam Kalpana, anatuelewa."

"Hebu nikuulize kitu." Sauti ya Njeri ilishuka. "Ulikuja kwangu na hiyo karatasi, nikakupikia chai. Ukamwandika Hillary mbele ya macho yangu. Hasemi na mtu, amesimamishwa shule. Hukusita. Na mimi nikatia sahihi, kwa sababu nilijua sote tuko kwenye shida moja. Sasa naambiwa wetu walikuwa wa kuandikwa, wako alikuwa wa kujazia?"

"Sikusema hivyo."

"Jana walikuja kwangu. Haohao wawili. Mimi sikuwapikia, nilishajifunza. Wamesema wataenda kwa wote, nyumba kwa nyumba, kama wewe. Lakini hilo halikukusumbua, Mama Makena. Limekusumbua lilipofika kwako."

Yote yalikuwa kweli. Aliona aibu, aibu ya moto, kutoka shingoni hadi masikioni. Hata hivyo asubuhi iliyofuata aliomba ruhusa kazini na kwenda kwa Kalpana, kwa sababu aibu ni yake na Makena ni wake, na ilibidi achague.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne. Kalpana alimpokea kwa Kiingereza, akamkalisha kwa Kiingereza, na kufunga mlango. Siku hiyo Kisumu ilikuwa mbali.

Teresia alieleza yote: mtoto wa Hayat, kompyuta nyekundu, kijitabu, neno "anaweza". Kalpana alimsikiliza akiwa ameufunika mdomo kwa vidole viwili.

"Lakini hakuna aliyekuomba majina," alisema mwishowe. "Imeandikwa kwenye maelekezo. Msitutumie majina ya watoto."

"Ulisema ushahidi."

"Takwimu, mama!" Lilimtoka kwa Kiswahili, akajirekebisha, akarudi kwenye Kiingereza. "Nilimaanisha takwimu."

"Na mlipoyaona majina, mbona hamkuyarudisha? Mngenipigia tu simu. Mngeniambia, Teresia, umekosea, chukua karatasi yako."

"Haturuhusiwi. Nikishasoma jina la mtoto na kando yake neno hatari, lazima nilipeleke mbele, kwa ustawi wa jamii na polisi, siku hiyohiyo. Nisipolipeleka, napoteza kazi." Alisogeza kalamu mezani bila sababu. "Nilisikitika. Lakini nililipeleka."

Teresia akasema basi sasa anataka kulirudisha. Kalpana akaeleza kwamba njia ipo moja. Aandike na kutia sahihi kwamba taarifa ile haikuwa kweli. Akifanya hivyo, maombi yote yanakuwa batili, maana yalisimama juu ya taarifa ya uongo, na chama hakitaruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitatu. Jina la katibu litawekwa kwenye kumbukumbu za mfuko.

"Kwamba ni mwongo."

"Kwamba taarifa zake hazikuwa sahihi."

"Kwetu hiyo inaitwa mwongo." Alimfikiria baba yake amesimama barazani na kofia mkononi. "Nikitia sahihi, jina la mtoto wangu litafutwa?"

"Maelezo yako yatatumwa kwa wenzetu hao. Wataamua wao."

Alitia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Alipotoka, Kalpana alimsindikiza hadi kwenye lifti na kumwambia pole, kwa Kiswahili, wakati milango ikifunga.

Aliyepiga simu wiki iliyofuata alikuwa Valeria. Teresia alikuwa kwa mzee mmoja anayemhudumia, anamvalisha soksi, akaweka simu begani.

"Tumepokea maelezo yako mapya," alisema ile sauti laini. "Nataka kukuuliza jambo, na unaweza kunijibu ndiyo au hapana tu. Kuna mtu anakusikia?"

"Ni mzee wangu tu. Hasikii."

"Kuna mtu aliyekutisha ili ubadilishe maneno? Huwa inatokea. Mzazi anaripoti, kisha genge linamfuata, kisha anasema alikosea. Ukiwa na hofu, tunaweza kusaidia."

Teresia alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka tu, na kabla hakijaisha kilikuwa kilio, soksi ya mzee ikiwa mkononi, mzee mwenyewe akimpigapiga bega na kumuuliza kama amekanyaga kitu. Alisema hapana, hakuna genge, hakuna mtu, ni mimi, ni mimi peke yangu. Akasikia upande wa pili mlio mwepesi wa vidole juu ya kibodi, na akajua kwamba hata kilio hicho kinaandikwa.

"Je, litafutwa?" aliuliza.

"Halifutwi," alisema Valeria. "Lakini tutaongeza maelezo yako kwenye faili."

Chumba cha Ijumaa kilifungwa mwisho wa Julai. Akina mama wa chama walirudisha kitambaa cha meza kanisani na kugawana sufuria. Kundi la WhatsApp liliendelea, ila kwa jina jipya na bila Teresia. Ijumaa, basi lilipopita kituo, aliwaona watoto nje ya duka la kuku, wanane au tisa, Hillary akiwa na kofia ya koti machoni. Alimpungia mkono. Hillary alimwona, akaangalia kando.

Septemba ilipita na nafasi ya wadi ya watoto ikapewa mwingine. Sumaku ya bendera ilibaki kwenye friji, haishikilii kitu. Makena alikuwa anakula chumbani, anasalimia vizuri, hakosi adabu, na hilo ndilo lililomuumiza Teresia. Alitamani msichana agombe, avunje sahani hata moja.

Makena alitimiza miaka kumi na minane Jumapili moja ya Oktoba. Jumatatu Kamande alirudi na fomu ya kazi kutoka ghalani kwao, kurasa tatu, kazi ya kupanga maboksi kwenye mkanda wa mashine. Kule hawaulizi mambo ya rekodi, alisema, akaiweka mezani bila kumtazama mtu, akaenda kunawa.

Teresia alifuta meza. Akatoa kalamu nyeusi kwenye mkebe wake, kama alivyofanya tangu chekechea, akavuta kiti na kuipanga fomu mbele yake. Makena alikuwa ameingia kutafuta maziwa.

"Kaa, mum. Tuanze na hii ya juu, halafu utatia sahihi."

Mkono wa Makena ulikuja juu ya karatasi, ukatulia pale, vidole vimefunguka, ukafunika mstari wa kwanza wote.

"Wacha, Mama," alisema.

Teresia alishtuka, kwa sababu ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa kizuri, kimenyooka, hakina kosa, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amekitamani kitoke kwenye kinywa kile.

"Jina langu nitaandika mwenyewe."

Teresia akamsogezea kalamu. Makena hakuichukua. Alikuwa na yake mfukoni.